Usiulize Sindano Imekupa Nini

Mpwa wangu, jana usiku mama yako kanipigia simu. Kafungua friji kakuta sindano tisa ambazo zilipaswa kuwa zimekwisha. Tatu kwa wiki, wiki tatu hujajidunga. Sikuja kukugombeza. Joto hili la Maskati hunimaliza miguu kabla ya adhuhuri, na nguvu ya kugombana sina. Nimekuja tukae.

Najua utasema, "Mjomba, mbona mimi mzima?" Nami nilisema hivyo hivyo. Ukungu wa jicho ulikuwa umeondoka, ganzi ya mguu imekwisha, nikaona sindano ya nini tena. Miezi haikupita mingi, nikaamka asubuhi mkono mmoja umeshindwa kufunga vifungo vya kanzu. Mkono ule ulirudi, ila haukurudi wote. Ndiyo maana kikombe nakishika kwa mikono miwili.

Huu ugonjwa wetu, maltipo sklerosisi, ni deni linalokua kimya kimya. Kinga ya mwili, iliyowekwa itulinde, hugeuka ikatafuna mielini, ule utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu ubongoni na kwenye uti wa mgongo. Kovu moja leo, jingine mwakani, nawe unacheza mpira. Siku unayodaiwa, riba imeshapanda.

Hiyo glatirama, dawa ya sindano unayoiacha, ilizaliwa kwa mshangao. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, huko Israeli, waliunda kitu cha kuiga protini ya mielini, wakidhani kitawatia wanyama wa maabara ugonjwa unaofanana na huu. Kikauzuia. Marekani ikaiidhinisha dawa mwaka 1996. Enzi hizo ilikuwa sindano ya kila siku. Hii yako ya mara tatu kwa wiki ilikuja 2014.

Lakini usiidai isichokuahidi. Haifuti kovu wala hairudishi kilichopotea. Katika majaribio, waliojidunga walipata mashambulio pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko waliopewa dawa bandia. Theluthi hiyo huwezi kuishika mkononi, kwa sababu ni asubuhi ambazo vifungo vilifungika, na hakuna ashukuruye kwa kifungo.

Adha zake nazijua. Ngozi huwasha, huvimba, na ukidunga mahali pamoja kila mara mafuta huliwa chini yake pakabaki shimo. Basi zungusha: leo paja, keshokutwa tumbo, siku nyingine nyuma ya mkono. Mara chache uso huwaka, kifua hubana na moyo huenda mbio, kisha hupita baada ya dakika chache. Yasipopita, au ukavimba uso, ukatoka vipele, ukakosa pumzi, usingoje: hospitali mara moja. Januari 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba mzio mkali unaweza kuja hata baada ya miaka ya kuitumia.

Na kama umeichoka sindano, kuchoka si kosa. Kosa ni kuificha. Siku hizi vipo vidonge na dawa nyingine. Kamwambie daktari, muamue pamoja. Fahamu pia kwamba Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani haikuwa na dawa hata moja ya ugonjwa huu mpaka 2023, zilipoingia tatu, glatirama ikiwamo. Wako wanaoitafuta wasiipate. Yako imelala friji, karibu na maziwa.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lako si la kufa, limechoka tu, kama langu. Simu hii hapa. Mpigie muuguzi wako, mwambie kweli: wiki tatu, usipunguze hata siku moja. Atakalokuelekeza tulifanye leo hii, nami siondoki mpaka umalize.