Darsa zetu: Kwa nini waulizaji ni wale wale?

HAPANA shaka msomaji umewahi kukaa katika darsa ukaliona jambo hili. Ustadhi anamaliza somo, anafunga kitabu na kusema: "Haya, maswali." Inainuka mikono mitatu. Wiki inayofuata ni mikono ile ile mitatu. Wengine arobaini wameinamisha vichwa, na nyuma ya pazia kimya. Kisha ustadhi anahitimisha: "Kama hakuna swali jingine, basi tumeelewana."

Je, kweli tumeelewana? Hao arobaini wamenyamaza kwa kuwa wametosheka, au kwa kuwa hawakuona mlango wa kuingilia? Wengi tunalichukulia hili kuwa suala la mbinu za kufundishia tu. Mimi naona ni suala la haki na amana, na nimelijua hilo kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha darsa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma. Anayeteremka kutoka Mbinga, kwenye baridi na mashamba ya kahawa, hadi Mbamba Bay, anakuta maisha mengine kabisa. Wanaume huingia ziwani usiku na taa kuvua usipa, na asubuhi kinamama huwaanika mchangani. Waislamu si wengi katika sehemu hizo. Wengi ni Wakatoliki, na jimbo lao la Mbinga lilianzishwa tangu mwaka 1986. Kwa Muislamu wa kijijini huko, mara nyingi darsa ndiyo shule yake ya dini.

Somo letu mwezi ule lilikuwa mirathi. Ndugu watatu, wasomaji wazuri, waliuliza juu ya babu anayerithi pamoja na ndugu wa marehemu, mas'ala ambayo wanazuoni wamehitilafiana tangu zama za masahaba. Tukajadiliana hadi adhana ya Magharibi. Niliondoka nimefurahi kwamba darsa imechangamka.

Baada ya kama mwaka mmoja, mama aliyekuwa akihudhuria nyuma ya pazia alinijia. Mumewe alikuwa amefariki na kuacha watoto wanne, wawili wa kiume, pamoja na mtumbwi na nyavu. Shemeji zake waliviuza vyombo hivyo wakagawana fedha, wakimwambia kwamba mwanamke harithi vyombo vya kuvulia kwa kuwa yeye havui. Akaniuliza: "Ustadhi, ndivyo dini inavyosema?"

Nikamwambia sivyo. Qur'an (4:12) imempa mjane thumni, yaani moja ya nane, pale marehemu alipoacha mtoto, katika kila alichokiacha baada ya kutolewa madeni na wasia. Na kwa kuwa marehemu aliacha watoto wa kiume, wale ndugu zake hawakuwa na fungu lolote. Nikamuuliza kwa upole: "Mama, mbona hukuuliza siku ile?" Akajibu: "Wale kaka walikuwa wanauliza mambo makubwa. Mimi langu niliona ni la jikoni."

Siku ya darsa ile mumewe alikuwa amekwishafariki, na mtumbwi ulikuwa bado ufukweni. Thumni niliitaja, tena mara mbili, lakini yeye hakujua kwamba nyavu za mumewe zimo ndani ya neno hilo. Swali moja tu lingetosha. Nilimwelekeza aende Mahakama ya Mwanzo, lakini fedha zilikuwa zimekwishaliwa. Sehemu ya dhulma ile ilipita mbele ya macho yangu nikiwa nimeshika kitabu.

Wapo watakaosema kwamba mwenye ari ndiye huuliza, na asiyeuliza amejinyima mwenyewe. Hoja hii ina uzito wake, kwani Allah (sw) ametuamrisha kuwauliza wenye elimu ikiwa hatujui (16:43). Lakini tusome pia mwanzo wa Surat Abasa. Mtume (saw) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikuraishi kwa matumaini kwamba watasilimu, akaja kipofu, Ibn Ummi Maktum (ra), akitaka kufundishwa. Aya zikashuka kumzindua Mtume kwa kumpa mgongo yule dhaifu aliyekuja na haja ya kweli. Ikiwa jambo hilo lilishushiwa Qur'an, sisi masheikh wa leo tunaovutiwa na waulizaji hodari tuna udhuru gani?

Tena sunna imetuonesha njia. Amepokea Bukhari kwamba wanawake walimwendea Mtume (saw) wakalalamika kuwa wanaume wamewashinda katika kuwa naye, wakaomba siku yao. Hakuwaambia wapaze sauti zaidi. Aliwapangia siku. Na Umar (ra) alikuwa akimuingiza kijana Ibn Abbas katika kikao cha wazee wa Badr, ingawa baadhi yao walihoji umri wake.

Hata hivyo, kusawazisha hakuna maana ya kumlazimisha kila mtu aseme. Haya ni katika imani, na kumnyooshea kidole mtu mkimya mbele ya watu ni kumfedhehesha. Aidha, Uislamu haukusifu kila swali. Tumekatazwa kuhoji mambo ambayo yakidhihirishwa yatatuchukiza (5:101), na Mtume (saw) alionya kwamba wingi wa maswali na kuhitilafiana na mitume wao kuliwaangamiza waliotutangulia. Kwa hiyo mizani ina pande mbili: mkimya afunguliwe mlango, na msemaji ajifunze kujizuia.

Hapa wale ndugu watatu wana jambo kubwa la kujifunza kutoka kwa Jibril (as). Alikuja katika sura ya mtu mgeni, akakaa mbele ya Mtume (saw), akauliza juu ya Uislamu, imani na ihsani. Majibu alikuwa akiyajua, ndiyo maana masahaba walishangaa kumsikia akiuliza kisha akisadikisha. Mtume (saw) akawaeleza kwamba yule alikuja kuwafundisha dini yao. Basi swali la mjuzi linaweza kuwa sadaka kwa jirani yake asiyeweza kuuliza. Laiti mmoja wa wale ndugu angeniuliza siku ile: "Ustadhi, na nyavu je?"

Wamatengo wa Mbinga walikuwa na sengu, baraza ambapo watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mambo yao chini ya mzee wao. Kikao ambacho watu wamekula sahani moja ni kikao ambacho hata mnyonge anajua ana nafasi. Darsa zetu tunaziketi kama wasikilizaji wa redio.

Tangu siku ile nimebadili mambo machache. Baada ya kusema "maswali" hungoja, hata kimya kikichosha. Aliyekwisha kuuliza hasubiri zamu ya pili mpaka wengine wapewe nafasi. Swali la kwanza hulitaka kutoka nyuma ya pazia, kwa mdomo au kwa kikaratasi kisicho na jina, na asiye na kalamu humtuma mwenziwe. Kabla ya hapo huwaacha watu wazungumze wawili wawili, kwani asiyeweza kusema mbele ya arobaini anaweza kusema mbele ya mmoja. Na wavuvi nimewawekea wakati wao, maana darsa ya usiku huwakuta ziwani.

Msomaji uliyeko Kariakoo au Tanga mjini usidhani haya ni ya kijijini. Msikitini kwako mna vipaza sauti na feni, lakini hebu hesabu Ijumaa hii: nani ameuliza, na nani hajawahi kuuliza tangu mwaka uanze? Huenda miongoni mwao yumo ambaye mtumbwi wake bado uko ufukweni.

Wabillahi Tawfiq.