Rudi kwa Mama Lishe

Wikiendi ikifika, mkazi wa Dar es Salaam huchungulia simu akisaka mgahawa mpya. Mama lishe wa kona ya mtaa husahaulika, ingawa maharage yake ya nazi yapo jikoni tangu alfajiri.

Sahani yake ni ileile: wali, maharage, mchicha, kipande cha samaki, na pilipili kwa anayeomba.

Unafuu wa bei una sababu. Halipii ukumbi wala kuweka akiba kwenye friji. Hununua asubuhi, hupika kiasi cha siku hiyo, sufuria ikiisha anafunga. Mteja wa siku nyingi akikwama kabla ya mshahara, huandikwa kwenye daftari.

Anayetaka kurudi afike kabla ya saa saba mchana. Samaki huwahi kwisha.