Silaha Iliyofichwa na Amri ya Tano

Mtu mmoja wa Kolwezi hununua mawe ya shaba na kobalti kwa wachimbaji, kisha huyauza Musompo. Jioni hurudi nyumbani na fedha, na njia ina wanyang'anyi. Rafiki yake anamwonyesha bastola mbili za zamani za Ubelgiji, kazi ya kiwanda cha Herstal, zilizobuniwa na fundi John Browning. Moja ni ya mfano wa mwaka 1906, yenye urefu wa sentimita 11 na kidogo na risasi ya milimita 6.35. Nyingine ni ya mfano wa mwaka 1910, yenye sentimita 15. Ya kwanza hufichika upesi, lakini nguvu yake ni haba. Ya pili ina nguvu zaidi, lakini hutuna mfukoni. Naye auliza: Ipi yafaa?

Swali hilo ni la fundi. Kabla yake liko swali la dhamiri: Je, yafaa Mkristo atembee na silaha iliyofichwa?

Kwanza ieleweke kwamba kujilinda si dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba tendo moja laweza kuzaa mambo mawili: kuokoka kwa mwenye kushambuliwa, na kifo cha mshambulizi. Anayekusudia la kwanza tu, wala hazidishi nguvu kupita kiasi, hana hatia ya uuaji. Tena baba ana wajibu wa kuwalinda watu wa nyumba yake.

Lakini kipimo ni kiasi, na hapo ndipo penye shida. Mbwa abwekaye mlangoni humwonya mwizi, naye aweza kurudi akiwa mzima. Bastola iliyofichwa haimwonyi mtu. Mwizi haijui mpaka itolewe, na ikiisha kutolewa, nafasi ya kufikiri ni fupi kama kufumba jicho. Silaha isiyoonya haizuii ubaya, huungoja tu. Naye aichukuaye kila siku huanza kuwatazama wenzake kwa jicho jingine: kijana akimbiaye gizani, mlevi mgomvi, jirani adaiye deni lake.

Wala asidanganywe na udogo wa chombo. Bastola ya mfano ule wa 1910 ndiyo iliyomwua Franz Ferdinand huko Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914, na vita vikuu vikafuata. Kolwezi nayo yajua kazi ya bunduki: mwezi wa Mei 1978 mamia ya watu, Waafrika na Wazungu, waliuawa humo.

Basi, afanyeje? Sheria ya Kongo ya mwaka 1985 yataka kibali cha serikali kwa mwenye silaha. Asiyenacho huvunja sheria kabla hajakutana na mwizi. Na apokee fedha zake mchana, atembee na wenzake, wala asijisifu kwa faida yake. Akivamiwa kwa ajili ya mfuko, autoe. Fedha huchumwa tena, uhai hauchumwi.

Petro naye alikuwa na upanga bustanini, akamkata Malko sikio. Bwana aliliponya sikio lile. Mfanyabiashara akiisha kupiga risasi gizani, nani atairudisha?