Mti Usio na Mwenyewe

Husemwa sana hapa Ngomeni kwamba kilichoota mwituni hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni halali ya atakayewahi. Neno hili nusu yake ni kweli. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Waislamu ni washirika katika maji, majani na moto. Basi mama achumaye mchunga wakati wa masika, au mtoto aokotaye kunazi na ukwaju, hahitaji ruhusa ya mtu.

Lakini na tulitazame neno lenyewe: washirika. Mshirika katika jahazi haruhusiwi kung'oa ubao akasema ni fungu lake.

Tuchukue mjafari, ambao magome na mizizi yake hutumiwa kwa homa. Abanduaye kipande kidogo upande mmoja, mti waweza kupona. Azungushaye panga shina zima amekata njia ya chakula kishukacho kutoka majanini hadi mizizini. Majani yatabaki mabichi kwa muda, na mti umekwisha kufa. Huyu hakutumia haki yake, bali amekula haki ya mgonjwa wa kesho. Na mkunazi je, ambao kwa majani yake twaosha maiti wetu? Abu Daud amepokea onyo kali juu ya mwenye kuukata, akaeleza kuwa makusudio ni ule wa nyikani unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, ukikatwa bure na kwa dhulma.

Hapa pana jambo zito kwetu sisi tunaodai kuisafisha dini. Mganga wa zamani alipokwenda kuchimba dawa aliuomba mti ruhusa, pengine akaacha sarafu shinani. Tulilikataza hilo, na tulifanya vyema, kwani kuuomba mti ni shirki. Lakini tuwe wakweli: khofu ile ya batili ilikuwa ikilizuia panga. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2008, imesalia kwa miiko ya wazee wao. Sisi twaweza kuonyesha msitu gani uliosalia kwa ucha Mungu wetu?

Upungufu si wa dini. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, akakataza miti yake isikatwe, na aliweka hima, yaani ardhi iliyolindwa kwa maslaha ya wote. Upungufu ni wa mafundisho yetu: tuliondoa khofu ya mti, hatukutia khofu ya Mwenye mti.

Atasema mtu: maskini afanyeje? Maskini achukuaye dawa ya mwanawe hana lawama, ila achimbe mizizi ya pembeni, aache mzizi mkuu, na afukie shimo. Maneno yetu ni kwa yule anayepeleka vijana na magunia, akauza magome mjini, kisha akasema ni rizki ya Mungu. Rizki ni kweli, lakini ya watu wengi. Na ampaye mgonjwa jani asilolijua, akadhurika, yuko chini ya hukumu ya mwenye kutibu bila ya elimu: dhamana i juu yake, hata akiwa hakutoza senti.