Mfuateni Mwalimu Popote Alipo

Wanangu, nyinyi mnaocheza mpira na mnaotamani siku moja kukaa kwenye benchi la ufundi, yajueni maisha ya Emmanuel Scheffer.

Alizaliwa mwaka 1924 Recklinghausen, Ujerumani, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Poland. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, familia ilikimbia, na safari yao ikaishia Drohobycz, mji uliokuwa Poland wakati huo. Wajerumani wakawafuata huko huko mwaka 1941. Kijana akatorokea mashariki hadi Kazakhstan, akafanya kazi katika kiwanda cha viatu na kucheza mpira. Wazazi na dada zake waliobaki waliuawa na Wanazi. Yeye alifika Israel mwaka 1950, akaendelea kucheza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1958, miaka 13 tu tangu Vita vya Pili vya Dunia viishe, mtu huyu alirudi Ujerumani kwa hiari yake. Alikwenda Cologne kusomea ukocha chini ya Hennes Weisweiler, kwa kuwa elimu aliyoitaka ilikuwa pale. Angekataa kukanyaga nchi ile, nani angemlaumu? Kwa miaka mingi hata kuyazungumzia yaliyowapata wazazi wake hakupenda. Siwaambii msahau mliyotendewa, wala kusamehe kwa amri yangu. Nasema chuki isiwanyime darasa. Nimeona vijana wenye vipaji wakisusa mafunzo kwa sababu mkufunzi ametoka klabu ya watani, na roho inaniuma.

Alipokuwa kocha wa timu ya taifa ya Israel, alichojifunza alikileta huko: nidhamu na mazoezi mazito kwa wachezaji wa ridhaa, ambao wengi hawakuyazoea. Walinung'unika. Hakulegeza, na mimi naona alikuwa sahihi, maana pumzi haiazimwi siku ya mechi.

Mwaka 1968 waliifunga Ghana 5-3 kwenye Olimpiki ya Mexico, wakafika robo fainali. Huko walitoka sare 1-1 na Bulgaria, kisha wakatolewa kwa kura. Kura, wanangu! Hakuna penalti, hakuna mechi ya marudiano. Wengine wangevunjika moyo hapo. Wao walirudi kazini, na mwishoni mwa 1969 sare ya Sydney dhidi ya Australia ikawafikisha Kombe la Dunia.

Februari 1970 Weisweiler aliipeleka klabu yake ya Ujerumani, Borussia Mönchengladbach, Tel Aviv kucheza na timu ya mwanafunzi wake. Wageni walishinda 6-0, na watazamaji wakawapigia makofi Wajerumani. Ilikuwa imebaki miezi michache tu kabla ya Kombe la Dunia, lakini Scheffer hakuogopa kupimwa na aliyemzidi. Enyi mnaotafuta mechi za kirafiki na timu dhaifu ili mjisikie vizuri, hilo lizingatieni.

Kwenye Kombe la Dunia kule Mexico walianza kwa kufungwa 2-0 na Uruguay. Kisha wakaenda Toluca, mji ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mguu mvivu huumbuka mapema. Mchezaji wao Mordechai Spiegler akasawazisha dhidi ya Sweden, 1-1. Mechi ya mwisho ilikuwa na Italia, iliyofika fainali mwaka ule. Dakika 90 zikaisha bila bao.