Kumngoja Asiyeweza Kusema

Mtu anapoumia moyoni hata ashindwe kueleza, tumsaidieje? Wengi wetu humpa mstari wa Biblia, tukamhimiza awe na imani, kisha tukaondoka tukiona tumetimiza wajibu. Lakini je, tumemsikia?

Mwaka 1943, mjini London, mwanamke kijana alifika kwa Marion Milner, mtaalamu wa saikoanalisi, yaani tiba ya nafsi kwa mazungumzo ya muda mrefu. Alikuwa ametibiwa hospitalini kwa mshtuko wa umeme, naye alisema kwamba amepoteza nafsi yake. Katika maandishi yake Milner alimwita Susan ili kulificha jina lake halisi.

Walizungumza kwa miaka, lakini maneno hayakutosha. Mnamo 1950 Susan alianza kuchora bila kupanga, akiuacha mkono uende utakako. Alimletea Milner michoro kwa maelfu. Milner angeweza kuifasiri yote upesi, lakini alijifunza kujizuia, maana tafsiri ya haraka humnyang'anya mgonjwa kile alichokuwa karibu kukigundua mwenyewe. Ilipita takriban miaka 16 ndipo Susan akajiona amerudi tena duniani. Mwaka 1969 Milner alichapisha habari hiyo katika kitabu The Hands of the Living God, jina linalotukumbusha Waebrania 10:31.

Wapo watakaouliza: je, penseli ichukue nafasi ya sala? Hasha! Katika Warumi 8:26 Paulo anatufundisha kwamba tusipojua kuomba, Roho hutuombea pasipo maneno. Ikiwa Mungu hupokea yasiyotamkika, sisi ni nani hata tumdai mwenye huzuni ajieleze kwanza?

Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, wasiseme neno. Hiyo ndiyo huduma njema waliyompa. Walikosea walipoanza kumweleza sababu za mateso yake.

Kumngoja mtu si uvivu wala si upungufu wa imani. Ni upendo unaogharimu muda, na unaokubali kutoelewa kwa kitambo. Basi, mtoto aliyefiwa akikuletea mchoro wake, usiharakishe kumwambia maana yake. Keti naye, mtazame pamoja. Akiwa tayari kusema, akukute bado upo.