Kiporo Baina ya Israfu na Ubakhili

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Suratul Aaraf aya ya 31, ameruhusu kula na kunywa na akakataza israfu. Na katika Suratul Furqan aya ya 67 amewasifu waja wasiofuja wala kufanya ubakhili. Basi huulizwa: mwenye kupika kwa kipimo, akala na kiporo, yuko upande gani?

Mfano uko Johannesburg, Afrika ya Kusini. Hapo City Deep pana soko kuu la matunda na mboga, lililohamia mahali hapo mwaka 1974. Majira ya huko ni kinyume na ya Ghuba: Juni hadi Agosti ni baridi, na ndipo machungwa huwa tele na rahisi, Januari ni zamu ya zabibu na mahindi mabichi. Mama anayefuata majira hayo hulisha wengi kwa fedha chache, na boga lililobaki mchana huwa supu ya usiku. Huyo si bakhili, maadamu kilichookolewa kinawafikia jamaa, jirani na maskini.

Lakini hapa wengi huteleza, huko na hata Maskati. Chakula kikishachacha hupewa mtumishi, kikaitwa sadaka. Suratul Baqara aya ya 267 imekataza kukusudia kibaya katika kutoa, ambacho mtoaji mwenyewe asingekipokea kwa ridhaa. Basi kiporo kitolewe kingali kizuri, siku ile ile. Na mchele upimwe kabla ya kutiwa chunguni.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.